Kutoka Wodini Hadi Kizingitini

Hotuba iliyotolewa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii mbele ya waumini wa hekalu na majirani zao, Chunya



Naishukuru kamati kwa kunipa nafasi ya kusema katika siku kubwa kama hii. Mimi si muumini wa hekalu hili; ni jirani yenu. Mliponialika mliniambia kwamba mnataka sherehe hii iwe ya mtaa mzima, na kwamba kwenu ibada na huduma kwa watu, ile mnayoiita seva, havitenganishwi. Kwa hiyo mliniomba nizungumzie huduma niliyo nayo, na hasa nijibu swali ambalo wengi wenu mmeniuliza dukani na njiani: imekuwaje mtu aliyefanya kazi hospitalini miaka 11 akaacha wodi, akaja kutembea nyumba kwa nyumba na mkoba begani? Nitajibu kwa kadiri ya uwezo wangu, kisha nitawaomba mambo manne.

Ndugu zangu, hospitalini niliitwa mhudumu wa afya. Leo naitwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Majina haya mawili yanafanana hata wengi hudhani kazi ni moja, kumbe ni kazi mbili tofauti. Wodini nilitandika vitanda, nikawaogesha wasiojiweza, nikawasukuma wagonjwa hadi chumba cha eksirei, nikapeleka makohozi na damu maabara, nikaosha vifaa na kuvipeleka kutakaswa, nikampa muuguzi mkono alipohitaji mkono. Ni kazi yenye heshima, na nilifundishwa vizuri na wauguzi wenye moyo. Katika kazi ya sasa sina kitanda, sina wodi, na sina mgonjwa anayeletwa kwangu. Nina kaya. Naandikisha waliomo, najua nani ni mjamzito, mtoto yupi hajamaliza chanjo, mzee yupi ana shinikizo la damu na ameacha vidonge, nani anakohoa. Natoa elimu, napima mkono wa mtoto kwa utepe wenye rangi tatu, naandika, na ninapoona dalili ya hatari natoa rufaa kwenda zahanati au kituo cha afya. Kisha narudi kuuliza kama amekwenda.

Sasa nieleze sababu. Wodi huona mwisho wa habari. Mgonjwa hufika akiwa amebebwa, na karibu kila kilichomfanya abebwe kimekwisha kutendeka nyumbani, machimboni au shambani. Mchimbaji aliyekohoa miezi minne huletwa amebaki mifupa. Mama aliyeanza kuumwa kichwa na kuvimba uso wiki mbili zilizopita huletwa akiwa katika degedege. Mtoto aliyedumaa na kukonda huongezwa uzito kwa maziwa maalumu, huruhusiwa akicheka, na hurudi nyumbani kwenye chakula kilekile kilichomkondesha. Tuliwatibu na tukawaruhusu, na baadhi yao tuliwapokea tena kabla mwaka haujaisha. Nilianza kujiuliza: ni nani anayekutana na mchimbaji huyu wiki ya tatu ya kikohozi chake, wakati bado anatembea kwa miguu yake? Hospitali haikutani naye, kwa sababu hajaiendea. Anayekutana naye ni mwenye genge, mwenye karasha, mwenye duka na jirani.

Baba yangu alipougua ilinibidi nirudi Chunya kumtunza. Baadaye kitongoji chetu kilipoitisha mkutano wa kuchagua wahudumu, majirani walilitaja jina langu. Sikuletwa na barua ya uhamisho. Nilichaguliwa kwa mikono iliyoinuliwa. Hospitalini nilikuwa nawajibika kwa aliyenisimamia zamu. Hapa nawajibika pia kwa walioniinulia mikono, na wanajua ninapoishi.

Sitaficha kwamba mabadiliko haya yana gharama. Nilipoacha sare, wapo waliosema nimeshushwa cheo. Mshahara wa hospitali ulikuwa mdogo lakini ulikuwa mshahara. Posho ya kazi ya jamii ni pungufu yake. Wodini paa lilinikinga na mvua, na zamu ilikuwa na mwisho wake. Huku zamu haina mwisho, maana jirani hugonga saa nane za usiku, naye hajui wala hana haja ya kujua kwamba leo si siku yangu ya kazi. Anayefikiria kuifuata njia hii ayajue hayo mapema.

Tena ayajue mambo matatu ambayo hospitali haikunifundisha.

La kwanza ni hodi. Wodini mgonjwa ndiye mgeni: anavuliwa nguo zake, anapewa namba ya kitanda, anaambiwa saa ya kula na saa ya kulala. Nyumbani kwake mgeni ni mimi. Nabisha hodi, nasubiri, nakaa ninapokaribishwa, na nikiambiwa leo hapana, narudi kesho. Ushauri ambao wodini ungetolewa kwa neno moja hapa huhitaji vikao vitatu, kwa kuwa bibi mwenye nyumba lazima asikie, na baba mwenye kutoa nauli lazima akubali. Aliyezoea kuamuru hataiweza kazi hii.

La pili ni mpaka. Majirani wanajua nimetoka hospitalini, kwa hiyo wanataka niwachome sindano, niwauzie vidonge vya kuua vijidudu, niwatundikie dripu sebuleni. Wananiambia, “Mbona unajua?” Kweli nimeona ikifanywa mara nyingi. Lakini sindano si kazi niliyoruhusiwa, wala haikuwa kazi yangu wodini. Dawa anayopewa mtu bila kupimwa inaweza kuficha ugonjwa mkubwa, na vijidudu vinavyozoeshwa dawa kidogokidogo huja kushindikana kabisa. Nikianza kuuza dawa, siku hiyohiyo ninakuwa mfanyabiashara anayetafuta wagonjwa. Nguvu ya mhudumu wa jamii ni kwamba hana anachokuuzia.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni siri. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI Tanzania ni asilimia 4.4, lakini mkoani Mbeya kiwango kinazidi mara mbili ya hicho. Kwa hiyo katika kila mkusanyiko mkubwa, na huu ukiwamo, wamo wanaomeza dawa kila siku na wanaishi vyema. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inakataza kutangaza hali ya mtu. Lakini katika mji mdogo ulimi si mtangazaji pekee, kwa maana hata miguu hutangaza. Mhudumu akionekana anaingia nyumba moja tu mara kwa mara, mtaa unapiga hesabu. Ndiyo sababu naingia nyumba zote, ya tajiri na ya maskini, yenye mgonjwa na isiyo na mgonjwa. Mwenye afya tele anayenifungulia mlango na kunikalisha dakika kumi anamsitiri jirani yake asiyemjua.

Ndugu zangu, msidhani kwamba jambo hili limebuniwa jana. Nchi yetu ina historia ndefu ya kutoa afya hospitalini na kuipeleka nyumbani. Mwaka 1973 redio ilipiga mbiu ya kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi vya masomo, wakachimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Mwaka 1978 mataifa yalipokutana Alma-Ata na kutangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote, Tanzania ilikwenda ikiwa na la kueleza.

Jirani zetu wa Iringa walifanya jambo kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1983, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, vijiji 168 vya mkoa huo vilianza kupima uzito wa watoto wote wadogo kila baada ya miezi mitatu. Matokeo hayakufungiwa kabatini yakisubiri mkubwa kutoka mjini. Yalisomwa mbele ya kamati ya kijiji, na kijiji chenyewe kiliuliza: mtoto huyu amepungua kwa nini, na tufanye nini kwa uwezo tulio nao? Wahudumu wa afya wa vijiji walikuwa wakulima waliopewa mafunzo, si madaktari. Katika miaka michache utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka takriban watoto 6 katika kila 100 hadi chini ya 2. Ni matunda ya mizani, daftari na kikao.

Lakini historia hiyo ina sehemu yake ya huzuni. Uchumi ulipobana, vijiji viliachiwa mzigo wa kuwalipa wahudumu wao bila kuwa na mfuko wa kuwalipia. Mahali pengi walirudi mashambani kulisha watoto wao, na hakuna wa kuwalaumu. Leo Iringa ni mkoa wenye chakula tele, mahindi, viazi na maharage. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Chakula shambani hakikuwa kinga ya kutosha. Anahitajika mtu wa kuingia jikoni, kuuliza mtoto amekula nini na mara ngapi, na mama amerudi saa ngapi kutoka kuvuna.

Tarehe 31 Januari 2024 aliyekuwa Makamu wa Rais, Dkt. Philip Mpango, alizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo lake ni wahudumu 137,294 katika miaka mitano, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa nchi. Ni hatua kubwa, kwa sababu sasa mhudumu anatambuliwa na serikali badala ya kuwa wa mradi huu au ule. Mwaka mmoja baadaye tuliona umuhimu wa jambo hilo: Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kazi nyingi za afya ya jamii barani Afrika zilizotegemea fedha hizo zilisimama ndani ya siku chache tu. Mlango uliokuwa ukibishwa kila wiki ukanyamaza. Fundisho la vijiji vya zamani na fundisho la juzi ni moja: huduma ya nyumbani hudumu pale tu watu wenyewe wanapoiona kuwa mali yao na kuitetea.

Sasa nije kwetu Chunya. Mji huu umelelewa na dhahabu. Tangu dhahabu ya Lupa ilipovuta watu miaka ya 1920 na 1930, wakaja wachimbaji, wakaja na wafanyabiashara, wakiwamo wazee wa baadhi yenu, waliofungua maduka barabarani. Dhahabu ingali inatulisha, Itumbi, Matundasi, Makongolosi na kwingineko. Lakini ina magonjwa yake. Vumbi la mwamba uliotobolewa na kusagwa mkavu huingia mapafuni na halitoki. Mapafu yaliyojaa vumbi hilo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na makazi ya kubanana ya machimboni hukisambaza. Zebaki inayochomwa motoni ili kuacha dhahabu hugeuka mvuke usioonekana, na mvuke huo hudhuru ubongo na figo za anayechoma, na mtoto aliyeko mgongoni kwa mama yake. Huko Lupatingatinga na jirani zake, wanaochuma tumbaku yenye umande bila kujikinga hupata kizunguzungu na kutapika, wakidhani wamelishwa kitu kibaya, kumbe ni sumu ya majani iliyopita kwenye ngozi.

Nikae kidogo kwenye kifua kikuu, maana hapo ndipo safari ya kutoka wodini hadi nyumbani inaonekana wazi. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977. Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyefanyia kazi Uholanzi, akishirikiana na Watanzania, alionyesha hapa nchini kwamba hata nchi maskini inaweza kuwaponya wagonjwa wake ikiwa vidonge vinapatikana bila kukatika, mgonjwa anamezeshwa mbele ya shahidi, na kila jina linafuatwa hadi mwisho. Utaratibu huo uliozaliwa kwetu ulikuja kuenezwa dunia nzima. Zamani wagonjwa wengi walilazwa miezi miwili ya mwanzo; siku hizi wengi humeza dawa nyumbani wakisimamiwa na mtu waliyemchagua wenyewe. Mgonjwa ametoka wodini. Je, si haki basi na mhudumu atoke amfuate?

Matibabu huchukua miezi sita. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na mchimbaji husikia kwamba kuna rashi mpya mahali pengine. Anafunga mzigo, na vidonge vinabaki chini ya mto. Ugonjwa unaorudi baada ya hapo unaweza kuwa sugu kwa dawa za kawaida. Hospitali itaandika kwamba amepotea. Mimi, ninayemjua mwenye genge alilokula na rafiki aliyeondoka naye, nina nafasi ya kupata namba yake ya simu, kumwuliza yuko wapi, na kumwelekeza kituo cha huko. Mara nyingine nafanikiwa, mara nyingine simu haipokelewi. Lakini kila aliyepatikana ni mtu asiyewaambukiza wenzake kambini.

Baada ya hayo, ninayo maombi manne.

Ombi la kwanza: tufungulieni milango, hata msipokuwa na mgonjwa. Nimekwisha kueleza sababu yake. Na mtakaloliona mikononi mwetu, au jina mtakalolisikia, lifie hapohapo.

Ombi la pili ni kwa wenye karasha, mashimo, maduka na magari, na najua wamo humu. Mfanyakazi anayekohoa wiki mbili au zaidi, anayetokwa jasho usiku, anayepungua mwili, mpeni ruhusa akapime, na mhakikishie kwamba akirudi atakuta nafasi yake. Wengi huficha kikohozi kwa kuogopa kufukuzwa. Lowanisheni mawe kabla ya kusaga. Maji kidogo huzuia vumbi jingi. Msiruhusu zebaki ichomwe jikoni wala karibu na watoto. Ruhusa ya siku moja ni hasara ndogo kuliko kambi nzima kuugua.

Ombi la tatu ni kwa familia za wajawazito. Damu inayotoka, kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto aliyeacha kucheza tumboni: hizo si dalili za kusubiri asubuhi. Upo mfumo wa usafiri wa dharura uitwao m-mama. Pigeni namba 115, haina malipo, mtumiwe gari la wagonjwa, au dereva wa kijamii aliyeandikishwa pale gari la wagonjwa lisipokuwapo. Iandikeni namba hiyo ukutani. Na ninyi wenye magari, ulizeni namna ya kuandikishwa kuwa madereva wa mfumo huo. Katika wilaya yenye vijiji vya mbali kama Kambikatoto, gari moja lililo karibu lina thamani kubwa.

Ombi la nne: hudhurieni mikutano ya vitongoji, na mkiwa huko tuulizeni. Ulizeni watoto wangapi wamepimwa, wangapi wameonekana kwenye rangi nyekundu ya utepe, na kimefanywa nini. Ulizeni pia kama mhudumu wenu amelipwa posho yake, ana daftari, ana viatu vya mvua. Msiulize kwa kutuhurumia. Ulizeni kama mnavyouliza habari za kisima cha mtaa, maana kisima kisichoulizwa hukauka bila mtu kujua. Wale wa vijijini miaka ya nyuma hawakukosa moyo. Walikosa watu wa kuuliza.

Wapo vijana hapa wanaofanya kazi hospitalini, au wanaosomea kazi hiyo, na huenda wanajiuliza kama wafuate njia hii. Ninalowaambia ni hili. Hospitali itaendelea kuhitaji mikono mizuri, na anayebaki wodini hajakosea. Lakini ukija huku, njoo kwa hiari yako, usije kwa kukimbia zamu za usiku. Njoo ukijua kwamba hutasifiwa sana, kwa sababu kazi ikienda vizuri hakuna kinachoonekana: mama amejifungua salama, mtoto anacheza, mchimbaji amemaliza vidonge na amerudi shimoni. Hakuna atakayesema mhudumu amefanya nini. Anayeweza kuridhika na hilo ataipenda kazi hii kama ninavyoipenda mimi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hekalu hili limekuwa likigawa chakula siku za sikukuu bila kuuliza anayepokea ni wa dini gani. Majirani wanalijua hilo na wanalikumbuka. Nawaombea heri katika miaka inayokuja, afya katika kila nyumba, na amani kati ya nyumba na nyumba. Nami nitapita kwenu kama kawaida, nikibisha hodi.